Moto wa Mwili na Mazoea ya Kila Siku

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya baraza la machifu, wazee na walimu. Twayapiga chapa ili wale wasiohudhuria wapate kuyasoma, na wajuao kusoma wawasomee wasiojua.)



Hatukuja kwa habari ya kodi wala ya mipaka ya mashamba. Tumekuja kwa habari ya mwili wa mtu: jinsi unavyopokea chakula na kukigeuza kuwa nguvu, na jinsi mazoea yetu ya kila siku yanavyoisaidia kazi hiyo au kuiharibu. Wataalamu huiita kazi hiyo umetaboli. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe si geni, maana kila aliye hai analo. Basi leo tutaliita moto wa mwili.

Kabla ya kuwafundisha ninyi, yatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Tulikuwa na rafiki yetu, mwalimu, ambaye jina lake hatutalitaja. Alipopandishwa cheo alinunua pikipiki, akaacha kutembea. Alipata kitambi, nasi tukamsifu, tukamwambia, "Sasa umekuwa mtu mkubwa." Baadaye akaanza kuona kiu isiyokwisha, akawa anaamka usiku mara nne na tano kwenda haja ndogo. Akasema ni vumbi la chaki. Kisha kiatu kikamchubua mguu, na kidonda kikakataa kupona. Jamaa zake wakatafuta mchawi, wakamtaja jirani. Walikwenda huku na huku miezi mitatu, na siku walipomfikisha hospitali mguu ulikuwa umekwisha kuoza, ukakatwa. Hapo ndipo damu yake ilipopimwa, ikaonekana ana kisukari cha siku nyingi. Nyumba zile mbili hazijapeana hata kaa la moto mpaka leo. Nasi tuliomsifu kitambi twajiuliza tulikuwa wapi.

Kwa sababu hiyo tumeona si haki kunyamaza. Katika mwaka 1989 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji 6 vya Tanzania, ambamo watu 6,000 hivi walipimwa damu. Wenye kisukari walikuwa kama mtu 1 katika kila 100. Katika mwaka 2012 watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walipimwa katika nchi hiyo hiyo, mijini na vijijini, nao wenye sukari nyingi katika damu walikuwa kama watu 9 katika kila 100. Vipimo vile viwili havikuwa vya namna moja, wala watu wenyewe hawakuwa sawasawa. Lakini hata tukitoa sehemu kwa sababu hiyo, tofauti iliyobaki ni kubwa, na haifai kupuuzwa.

Moto huu ni nini

Mtu akila ugali, wali, mhogo au ndizi, tumbo huvunjavunja wanga ulio ndani yake mpaka ukawa sukari. Sukari hiyo huingia katika damu, na damu huichukua kila mahali, kama wachukuzi wanaopeleka nafaka nyumba kwa nyumba. Lakini milango ya ghala haifunguki yenyewe. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa kitu kiitwacho insulini. Insulini ndiyo yenye ufunguo. Hufungua milango ya misuli, sukari ikaingia na kuchomwa kuwa nguvu. Tena huliamuru ini liweke akiba. Maghala hayo yakijaa, kilichozidi hugeuzwa kuwa mafuta, nayo huwekwa tumboni na mahali pengine.

Moto huu hauzimiki hata tulalapo. Zaidi ya nusu ya nguvu anazozitumia mtu wa kawaida kwa siku hutumika kwa kazi asizoziona: moyo kupiga, mapafu kuvuta hewa, ubongo kufikiri, mwili kutunza joto lake. Kazi ya jembe na mwendo wa miguu huja juu ya hizo.

Sasa, mtu akila kupita kazi yake siku baada ya siku, mafuta yakajaa tumboni na katika ini, kufuli za maghala huanza kuwa nzito. Kongosho hutoa insulini nyingi zaidi ili milango ifunguke. Kwa miaka mingi huweza kushindana hivyo, na mwenyewe haoni dalili yoyote. Mwisho huchoka. Hapo sukari hubaki katika damu, huharibu mishipa ya macho, ya figo na ya miguu, na mtu hufa njaa ndani ya shibe.

Makosa mawili ya watu wengi

Watu wengi husema, "Kitambi ni cha umri. Ukipita miaka 40, moto wa mwili hupoa." Jambo hili lilipimwa. Katika mwaka 2021 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29, tangu mtoto wa siku 8 mpaka mzee wa miaka 95. Waliona kuwa, ukilinganisha ukubwa wa miili, moto wa mtoto wa mwaka mmoja huzidi wa mtu mzima kwa kadiri ya nusu. Hupungua polepole mpaka umri wa miaka 20, kisha hukaa mahali pamoja mpaka miaka 60. Baada ya hapo hupungua tena, lakini kidogo kidogo, hata asilimia 1 kwa mwaka haifiki. Basi mtu wa miaka 45 asiusingizie umri. Na atazame kiti chake na sahani yake.

Wengine husema, "Nimelima leo, kwa hiyo naweza kula na kunywa nitakavyo." Hili nalo lilipimwa, tena karibu na kwetu. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, wanakaa Wahadza, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wataalamu waliwanywesha Wahadza 30, wanaume na wanawake, maji yaliyotiwa alama isiyodhuru, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa ili kujua nguvu walizotumia. Wanaume walikuwa wakitembea kama kilomita 11 kwa siku, na wanawake kama kilomita 6. Kila mtu alitazamia kuwa wangezidi sana watu wa Marekani na Ulaya wakaao vitini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012, yakawashangaza wengi: ukilinganisha ukubwa wa miili, nguvu walizotumia kwa siku hazikuachana na za wale wa vitini. Yaonekana mwili ufanyao kazi nyingi hujibana mahali pengine, kama mama mwenye nyumba apunguzavyo matumizi haya ili apate ya yale.

Je, maana yake kazi ya miguu haifai? La, sivyo. Wahadza hawana vitambi, na uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa shinikizo kubwa la damu ni haba kwao, nao hufanya kazi ya kutoa jasho zaidi ya saa 2 kila siku. Tujifunze mambo mawili. Unene huingia kwa mdomo zaidi kuliko unavyotoka kwa miguu, kwa hiyo kazi ya leo haifuti ulafi wa leo. Tena, miguu ina faida yake yenyewe: misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu hata kama insulini ni kidogo. Mtu atembeapo hufungua milango kwa mkono wake mwenyewe, bila kungoja mwenye ufunguo.

Habari ya miguu

Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kazi ya wastani kila juma, yaani dakika 30 kwa siku 5, na siku 2 za kazi ya kuipa misuli nguvu, kama vile kupasua kuni au kubeba mizigo. Mkulima katika msimu hupita kadiri hiyo kabla ya jua kuwa kali. Twasema hasa na mwalimu, karani, mwenye duka, mwendesha pikipiki, na mzee wa baraza ambaye watu humjia pale alipo. Ninyi mwahitaji kujitafutia mwendo. Nendeni shambani kwa miguu. Baada ya chakula cha jioni, kabla ya kuketi barazani, tembeeni dakika 10 au 15, maana hiyo ndiyo saa sukari inapojaa katika damu. Na aketiye siku nzima asimame mara kwa mara.

Habari ya sahani

Hatukuja kuwaambia wenye njaa wale kidogo. Mtoto na mama mwenye mimba wanahitaji kushiba, na nyumba isiyo na chakula yahitaji chakula kwanza. Tunasema na wale wenye cha kula wasiojua kukipanga.

Tazameni sahani ya wengi wetu. Ugali ni mlima, na mboga ni kijito kipitacho chini yake. Yafaa kuigeuza. Nusu ya sahani na iwe mboga: mchicha, kisamvu, majani ya maboga, bamia. Robo iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, yai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali au wali. Nusu kilo ya mboga na matunda kwa siku si nyingi kwa mtu mwenye bustani. Ushauri wenyewe ni angalau gramu 400, na mihogo na viazi havihesabiwi humo.

Kisha tuangalie ugali wenyewe. Sembe ni nyeupe, nasi tumeifanya kuwa alama ya ustaarabu. Lakini mashine inapokoboa mahindi huondoa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzi na vitamini nyingi. Dona hukaa tumboni zaidi. Mtama na ulezi, vyakula vya wazee wetu, navyo ni vyema, hasa unga wake usipokobolewa. Lakini mahindi ya dona yakaushwe sana na yawekwe mahali pakavu, maana yenye kuvu huwa sumu. Chakula kikaangwacho katika mafuta mengi, kama chipsi na maandazi, kiwe cha siku chache, kisiwe cha kila asubuhi.

Habari ya kikombe

Hapa twaomba mtusikilize zaidi, maana kikombe hudanganya kuliko sahani. Ushauri wa Shirika hilo hilo ni kwamba sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ingefaa zaidi isipite gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Sasa tufanye hesabu, na walimu watusahihishe. Mtu anywa vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 3: hivyo ni vijiko 9. Mchana anunua chupa moja ya soda ya mililita 300, ambayo kwa kawaida ina gramu 30 na zaidi, kama vijiko 8. Jumla ni vijiko 17, karibu mara tatu ya vile 6. Wala hajala andazi, wala hajashiba, kwa kuwa tumbo halihesabu kinywaji kuwa chakula.

Dawa yake ni kupunguza polepole. Mwezi huu vijiko 2, mwezi ujao 1. Ulimi hujifunza, kama ulivyojifunza kupenda. Kiu ikatwe kwa maji. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hupunguzwa vivyo hivyo.

Pombe nayo ina nguvu nyingi ndani yake, tena hulichosha ini. Tumbaku huzidisha madhara ya sukari katika mishipa. Na usingizi wa mtu mzima usipungue saa 7, kwa maana alalaye kidogo huamka na njaa kubwa, na mwili wake huitumia insulini vibaya.

Je, mazoea haya madogo yafaa kitu?

Mtu aweza kusema, "Haya ni maneno tu." Katika nchi ya Marekani walichukuliwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kuwa ugonjwa. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri, kupunguza kama asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea dakika 150 kwa juma. Kundi la pili lilipewa vidonge viitwavyo metformini. Kundi la tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yakatangazwa mwaka 2002. Kwa kulinganishwa na kundi la tatu, vidonge vya dawa viliwapunguza walioingia katika kisukari kwa asilimia 31. Mazoea yaliwapunguza kwa asilimia 58. Miguu na sahani viliishinda dawa.

Lakini tusikose kuelewa. Aliyekwisha kupata ugonjwa asitupe dawa zake kwa sababu ya hotuba hii. Kipo pia kisukari kiwapatacho watoto na vijana, ambacho hakitokani na ulaji wala uvivu. Kongosho lao huacha kutoa insulini kabisa, nao huhitaji sindano ya insulini kila siku. Kabla ya insulini kupatikana katika mji wa Toronto, nchi ya Canada, mwaka 1921, na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1922, watoto hao walikuwa hawana tumaini. Mtoto akikonda ghafula, akinywa maji mno na kukojoa mno, msimlaumu mama yake wala jirani. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Na wale wauzao unga na majani ya "kuamsha moto wa mwili" sokoni, waulizeni: imepimwa na nani, na ndani yake mna nini? Asiyeweza kujibu asipewe fedha zenu.

Tunayowaomba

Machifu na viongozi wa vijiji, twaomba mambo mawili. Mtu asisifiwe kwa kitambi mbele yenu. Na neno la uchawi lisisikilizwe juu ya kidonda mpaka kidonda hicho kimepimwa. Walimu, wafundisheni watoto hesabu ya vijiko, wataipeleka nyumbani. Akina baba na akina mama, atakayeona kiu nyingi, haja ndogo ya mara kwa mara, macho kufifia, uzito kupungua bila sababu, au kidonda kisichopona, aende akapimwe damu. Kabla ya kula asubuhi, kipimo cha milimoli 7 kwa lita au zaidi ni dalili ya kisukari, nacho hurudiwa ili kuhakikisha. Aliye na ugonjwa huo na aitazame miguu yake kila usiku kwa taa. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Maswali yaliyoulizwa

Mzee mmoja aliuliza, "Je, asali nayo imo katika hesabu yenu?" Tulimjibu, "Imo, mzee wetu. Ni tamu ya asili, lakini mwili huipokea kama sukari."

Kijana mmoja aliuliza kama mtu mwembamba aweza kupata kisukari. Tulimjibu kuwa aweza. Wembamba si hati ya afya, na kipimo ni cha watu wote.

Bibi mmoja alisimama akasema, "Mgeni nikimpa chai isiyo na sukari, atasema mimi ni mchoyo." Watu wakacheka, lakini twaona swali lake ndilo lililokuwa kubwa kupita yote. Tulimwambia, "Mama, weka bakuli la sukari na kijiko mbele yake, ajitilie mwenyewe. Hivyo hukumnyima, wala hukumlazimisha."

Baada ya baraza yule rafiki yetu mwalimu, ambaye alikuwa ameketi nyuma pamoja na magongo yake, alitujia. Hakutulaumu. Alisema kwamba siku ya Jumamosi atakwenda kwa yule jirani, akatuomba tufuatane naye, maana njia ina mlima na peke yake hawezi. Tumekubali. Tutakwenda kwa miguu.